Taulo Si Mtu: Adabu ya Viti vya Bwawani kwenye Meli za Kitalii

Siku ya baharini, meli ikiwa haitii nanga popote, sitaha ya bwawa huamka mapema kuliko abiria wenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wahudumu bado wanapiga deki, bwawa limefunikwa wavu, na bafe ndiyo kwanza inatoa kahawa. Lakini safu ya mbele ya viti vya kulalia imeshachukuliwa. Kiti cha kwanza kina taulo ya buluu iliyobanwa kwa vibanio viwili vya plastiki vyenye umbo la kasuku. Cha pili kina kitabu kilicholazwa kifudifudi. Cha tatu kina kandambili ya mguu wa kulia, na ya kushoto iko kwenye kiti cha nne. Wenyewe wamerudi kulala. Watashuka kunywa chai saa tatu, watapita madukani, na huenda wakafika bwawani saa tano, wakati jua limeshawaka na abiria wengine wamezunguka sitaha nzima bila kupata pa kukaa.

Aliyewahi kugombea daladala jioni pale Mbagala anaijua desturi ya kushika nafasi. Mkoba au leso hurushwa dirishani, na kiti ulipotua kimeshapata mtu. Watu huvumilia kwa sababu mwenye mkoba yuko mlangoni anasukumana aingie, na dakika moja baadaye amekaa. Kwenye meli mwenye taulo hayuko mlangoni. Yuko sitaha tano chini, amezima taa na kujifunika shuka.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa adabu yote ya viti vya bwawani. Kumshikia mtu nafasi ni jambo la kawaida endapo mtu huyo yupo karibu na anarudi. Kukishika kiti ili kisikaliwe na mwingine mpaka mwenyewe atakapojisikia kuja ni kumnyima abiria mwenzake kitu ambacho naye amekilipia nauli.

Jambo hili huonekana dogo mpaka limkute mtu katika likizo aliyoiwekea akiba mwaka mzima. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani, Ulaya na Ghuba husafiri kwa meli zikiwa kundi la vizazi vitatu: wazazi, watoto, na bibi aliyekuja kuwatembelea. Meli huondoka Miami na Galveston kuelekea Karibi, Barcelona kuzunguka Mediterania, na Dubai wakati wa majira ya baridi. Bibi hawezi kushindana na kijana aliyetega saa alfajiri. Huzunguka bwawa mara mbili akitafuta kivuli, akapita viti ishirini visivyo na mtu, kisha akarudi chumbani. Kwa ajili ya watu kama yeye, inafaa kanuni hizi zijulikane kabla mizigo haijapandishwa.

Hesabu ya viti na watu

Meli za kitalii zimekua kupita kiasi ambacho wengi wanakifikiria. Sovereign of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 1988 ikiwa miongoni mwa meli kubwa kabisa za abiria za wakati wake, ilikuwa na ukubwa wa tani zipatazo 73,000. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami mwezi Januari 2024, ina tani 248,663 na mabwawa saba, na ikijaa kabisa hubeba abiria 7,600.

Hakuna anayeweza kupanga viti 7,600 kando ya mabwawa saba, wala waundaji wa meli hawakukusudia hivyo. Wanategemea abiria watawanyike: hawa wako mezani, wale wako kwenye maonyesho, wengine wanacheza bingo, wengine wako chumbani. Meli ikiwa bandarini Cozumel au Nassau, mpango huo hufanya kazi vizuri kwa sababu nusu ya watu wameshuka kutembea mjini. Siku ya baharini yenye jua, karibu kila mtu anataka kuwa juu, na kwa saa sawa. Hapo kiti kimoja kinapaswa kuhudumia watu watatu au wanne kwa zamu katika siku moja. Kikifungwa na taulo tangu alfajiri hadi saa sita, zamu zote za asubuhi zimepotea bila mtu yeyote kukikalia.

Viti vyenyewe pia havilingani. Vilivyo kwenye kivuli hugombewa kuliko vyote, hasa kwenye maji ya Karibi, ambako jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni huunguza ngozi haraka. Kisha huja vile vilivyo ukingoni mwa bwawa la watoto, ambavyo mzazi anavihitaji kwa usalama kuliko kwa starehe, kwani akikaa safu ya sita hamwoni mtoto aliye majini. Anayeviziba viti hivyo kwa taulo, hali yeye hana mtoto, amekosea maradufu.

Wengi wanaofanya hivi hawakupanda melini na nia mbaya. Siku ya kwanza ya baharini walichelewa, wakakosa. Siku ya pili wakaamka saa moja, wakakuta taulo zimewatangulia. Siku ya tatu na wao wakatega saa, wakatandika taulo saa kumi na mbili. Hivyo ndivyo tabia ya watu wachache inavyogeuka desturi ya sitaha nzima kabla wiki haijaisha.

Kanuni zipo, utekelezaji ndio mgumu

Kampuni za meli zinalijua tatizo hili. Carnival ina utaratibu wa dakika 40: mhudumu akiona kiti chenye vitu bila mtu, hubandika stika iliyoandikwa saa. Dakika 40 zikipita na mwenyewe hajaonekana, vitu hukusanywa na kuhifadhiwa, na kiti hurudi kwa wote. Royal Caribbean imeweka dakika 30. Kampuni nyingine nazo zina mipaka inayokaribiana na hiyo, na kwa kawaida tangazo lake hubandikwa karibu na bwawa au huchapishwa katika ratiba ya siku. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huisoma kanuni ya meli yake siku ya kwanza, kwa sababu dakika hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Kilicho kigumu ni kuitekeleza. Sitaha ina mamia ya viti na wahudumu wachache, ambao kazi yao kubwa ni kugawa taulo, kufuta maji sakafuni na kupanga viti upya. Kuna abiria wanaobandua stika, na kuna wanaomtuma mmoja wao apite kila baada ya nusu saa kugeuza kitabu ili ionekane kwamba mtu alikuwapo.

Juu ya hayo kuna suala la fedha. Kampuni nyingi za Marekani huongeza katika bili bakshishi ya kila siku, ambayo miaka ya karibuni imekuwa kati ya dola 16 na 20 kwa kila abiria wa chumba cha kawaida, na mara nyingi abiria anaweza kwenda kaunta ya wageni akaomba ipunguzwe. Mhudumu anayeondoa taulo ya mtu anajua kwamba mtu huyo anaweza kuikata bakshishi au kumwandikia malalamiko. Miongoni mwa wahudumu wa meli hizi siku hizi wamo vijana wa Kenya, baadhi yao waliopata mafunzo Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Kijana anayetuma fedha nyumbani kila mwezi hawezi kulaumiwa akisita kugombana na mteja. Ujasiri huo unapaswa kutoka kwa wakuu wake, kwa kumwambia waziwazi kwamba akiifuata kanuni watasimama upande wake.

Mahakama moja ya Ujerumani imeonyesha kwamba kanuni ya viti si pambo la ukutani. Mtalii mmoja wa Kijerumani aliipeleka familia yake Rhodes, Ugiriki, mwaka 2022 kwa safari ya pamoja iliyogharimu euro 5,260. Hoteli ilikuwa na mabwawa sita na viti vya kulalia vipatavyo 400 kwa wageni wapatao 500, na kanuni yake ilikataza kushika kiti zaidi ya dakika 30 bila kukitumia. Kila siku viti vilikuwa vimetandikwa taulo za watu wasiokuwapo, na hakuna aliyechukua hatua. Desemba 2023 mahakama ya Hannover iliiamuru kampuni iliyouza safari imrudishie euro 322.77. Mahakama haikusema kila mgeni lazima awe na kiti chake. Ilichosema ni kwamba mwuzaji wa safari hawezi kuacha kanuni ivunjwe mbele ya macho yake, kisha adai kwamba ametoa huduma aliyoiahidi.

Uamuzi huo ulihusu hoteli na sheria za Ulaya, na abiria wa meli inayoondoka Florida anafungwa na mkataba wa tiketi yake na sheria za huko. Hata hivyo, hoja yenyewe inamfaa msafiri yeyote: anayemwomba mhudumu aitekeleze kanuni iliyobandikwa ukutani anadai haki yake, na hana sababu ya kuona haya.

Wengine wamejaribu njia tofauti. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilianza kuwauzia wateja wa baadhi ya hoteli haki ya kuchagua kiti chao kabla ya safari, kwa pauni 22. Njia hiyo huondoa mbio za alfajiri, lakini humpa kiti mwenye pesa ya ziada na kumwacha mwingine palepale alipokuwa. Muda wenye kikomo, ukisimamiwa kweli, ni wa haki zaidi kwa sababu unamgusa kila mtu kwa namna moja.

Kipimo cha shughuli moja

Dakika 30 au 40 ni mpaka wa kampuni. Adabu ina kipimo chake, na ni chepesi kukumbuka: kiti kinashikwa kwa muda wa shughuli moja fupi. Kwenda msalani, kujitumbukiza bwawani, kuchukua sahani ya viazi na soda, kumpeleka mtoto abadili nguo, yote hayo yanaeleweka, na taulo iliyobaki kitini inasema ukweli kwamba mwenyewe anarudi. Kwenda kula chakula cha mchana cha kukaa mezani, kutazama onyesho, kulala chumbani au kushuka bandarini ni shughuli za aina nyingine. Anayekwenda huko achukue vitu vyake vyote. Akirudi atatafuta upya kama wengine.

Kipimo cha pili ni idadi. Mtu mmoja aliyepo anaweza kumshikia mwenzake mmoja aliyeko njiani. Baba aliyetangulia anaweza kumwekea mama kiti wakati mama anapaka watoto mafuta ya jua. Lakini kijana mmoja kutandika taulo kumi kwa ajili ya ukoo mzima ambao bado uko kitandani ni kupora safu nzima. Kundi kubwa hupata nafuu likikubali kugawanyika. Wazee wakae kwenye viti vya kivulini, wazazi ukingoni mwa bwawa la watoto, na vijana, ambao kwa kweli huwa majini muda wote, waweke taulo zao chini ya viti vya wazazi. Familia ya watu kumi inaweza kuishi vizuri kwa viti vitano, kwa sababu ni nadra watu wote kumi kuketi kwa pamoja.

Tabia ya tatu ya kuacha ni kushika viti viwili, kimoja cha juani na kingine cha kivulini, ili kuhamia kadiri jua linavyosogea. Anayetaka kivuli mchana akitafute mchana. Vilevile mkoba, kofia na chupa ya maji hukaa chini ya kiti cha mwenyewe. Kiti cha jirani ni cha mtu.

Mambo mengine ni ya kupitia haraka. Kiti kisiburutwe hadi kwenye njia ya kupita, kwani njia hiyo ni ya viti vya magurudumu na ya dharura pia. Simu na pesa zisiachwe kitini kama alama ya umiliki. Taulo ya meli irudishwe mahali pa taulo, kwani kampuni nyingi hutoza isiporudi. Kwenye Royal Caribbean tozo hiyo imekuwa dola 25 kwa taulo moja.

Anayekuta taulo bila mtu

Hapa ndipo watu wema huharibu siku yao. Abiria amezunguka, amechoka, anaona kiti chenye taulo ambacho hakijakaliwa tangu alipofika. Mkono unamwasha aikunje taulo na kuketi.

Ni afadhali aanze kwa kuwauliza majirani kwa sauti ya kawaida: "Samahani, kuna mtu hapa?" Mara nyingi jirani anajua. Atasema mwenyewe yuko majini, au atasema hajamwona mtu tangu saa moja. Jibu la kwanza linamaliza suala kwa amani. Jibu la pili ndilo la kumpelekea mhudumu, pamoja na saa: "Habari za kazi. Kile kiti cha pili kutoka kwenye ngazi kimekaa bila mtu tangu saa tatu na nusu, na sasa ni saa nne na robo. Unaweza kukiangalia?" Maneno hayo hayamshtaki mtu. Yanampa mhudumu taarifa anayoihitaji ili kanuni ifanye kazi, na yanampa sababu ya kuchukua hatua bila kuonekana ameanza yeye.

Mhudumu akibandika stika, msafiri asubiri dakika zilizowekwa. Mhudumu asipofanya lolote, kuna msimamizi wa sitaha, na baada yake kaunta ya wageni. Malalamiko yanayotaja sitaha, upande wa bwawa na muda hushughulikiwa kwa urahisi kuliko kilio cha jumla kwamba viti vyote vimechukuliwa.

Kugusa vitu vya mtu mwingine ndiko kwa kuepukwa. Kitabu kikihamishwa na miwani ikapotea, aliyehamisha ndiye atakayeulizwa, na hatakuwa na shahidi. Maneno yakipanda mbele ya watoto na vinywaji, hakuna tena anayekumbuka nani alikuwa na haki. Mikataba ya tiketi humpa nahodha mamlaka ya kumteremsha abiria mgomvi kwenye bandari inayofuata, naye atajilipia nauli ya kurudi nyumbani. Hakuna kivuli kinachostahili gharama hiyo.

Inatokea pia kwamba mwenye vitu vilivyoondolewa ni mtu mwema aliyepitiwa na muda, pengine foleni ya chakula ilikuwa ndefu. Huyo aende mahali pa taulo, ataje alichoacha, akichukue na kushukuru. Akimkuta mtu kwenye kiti alichokuwa amekishika, hana madai juu yake. Aliyekaa pale alikikuta kiti wazi baada ya kanuni kufanya kazi yake.

Saa na mahali pasipo na msongamano

Sehemu kubwa ya ugomvi huepukika kwa kubadili saa. Siku ya kupanda meli, vyumba huwa havijafunguliwa mpaka mchana na abiria wengi wamejazana kwenye bafe. Aliyeweka nguo ya kuogelea katika mkoba wa mkononi hupata bwawa karibu tupu. Siku za bandarini, anayebaki melini, au anayerudi mapema, huchagua kiti anachokitaka. Hata siku ya baharini, watu huanza kupungua saa tisa alasiri, wanapokwenda kuoga na kujiandaa kwa chakula cha jioni, na jua la saa kumi na moja ni zuri kwa wazee na watoto kuliko lile la saa sita.

Mahali nako kuna uchaguzi. Meli karibu zote zina viti kwenye sitaha za juu na nyuma, mbali na muziki, na vingi hubaki wazi kwa sababu tu watu hawapandi ngazi mbili zaidi. Carnival ina eneo la Serenity kwa wenye umri wa kuanzia miaka 21, na Royal Caribbean ina Solarium kwa wenye kuanzia miaka 16, yote bila malipo ya ziada, ingawa nako mbio za taulo hufika. Princess ina Sanctuary, eneo tulivu la watu wazima linalolipiwa. Familia yenye mzee anayehitaji kivuli kwa uhakika ipige hesabu kabla ya safari. Huenda siku moja au mbili za eneo la kulipia, au chumba chenye roshani, vikawa na nafuu kuliko kumwamsha mtu saa kumi na moja alfajiri siku saba mfululizo.

Safari ikiisha, kampuni hutuma dodoso la maoni kwa barua pepe, na wengi hulifuta bila kulifungua. Wakuu wa kampuni hulisoma kuliko abiria wanavyodhani. Abiria aliyeona kanuni ya viti ikipuuzwa aandike sitaha na siku. Aliyemwona mhudumu akiitekeleza kwa upole na bila upendeleo aandike jina lililokuwa kwenye beji yake, kwa sababu siku hiyohiyo huenda mwenye taulo iliyoondolewa naye ameliandika jina hilo kwa kumlalamikia.